Hivi ninyi Krismasi mnasherehekea nini hasa?

Kila ikifika wiki ya pili ya Disemba mhariri wangu huniita mezani kwake na kunipa kazi ileile. "Mdogo wangu, stori ya Krismasi vipi?" Na stori ya Krismasi katika magazeti yetu ya Bongo mnaijua wote: bei ya mbuzi na kuku imepanda, mchele nao umepanda, mamlaka zimewaonya wenye mabasi wanaoongeza nauli, polisi wamepiga marufuku kuchoma matairi, na abiria wa kwenda Moshi na Arusha wamelala stendi. Unabadilisha mwaka na jina la kamanda, habari imekwisha. Nimeshaiandika mara tatu. Ile ya kwanza ilitoka ukurasa wa mbele na picha ya mama mmoja amekalia begi lake stendi ya Magufuli pale Mbezi, nami nikaikata nikampelekea bibi kijijini.

Sasa pale ofisini kuna jamaa yangu wa dawati la michezo, Mwislamu safi kabisa kutoka Tanga. Mimi namwita Shehe, yeye ananiita Mchungaji, na kila mmoja anajua fika kwamba mwenzake hana cheo hicho wala hatakaa akipate. Siku moja tuko kwa mama lishe nyuma ya ofisi, nasubiri wali maharage wangu, akanitupia swali.

"Mchungaji, hebu niambie. Hivi ninyi Krismasi mnasherehekea nini hasa? Usiniambie kuzaliwa kwa Yesu, hilo nalijua. Sisi Nabii Isa tunamkubali. Kwamba mama yake alikuwa bikira, tunakubali. Bi Maryam ana sura yake nzima ndani ya Kurani. Sasa kama ni kuzaliwa kwa nabii, mbona ninyi kelele zenu zimezidi?"

Nikacheka, nikamwambia ale kwanza. Lakini wasomaji wangu, swali lile lilinikaa. Nilikwenda nikaisoma hiyo sura ya 19, na kweli imo: mama anashikwa na uchungu peke yake chini ya mtende, kisha mtoto akiwa bado mchanga anafumbua kinywa na kumtetea mama yake mbele ya watu waliokuja kumsema. Kumbe Mkristo anayedhani kiini cha Krismasi ni ule muujiza wa bikira kuzaa hajasema kitu ambacho Shehe angekipinga! Tofauti yetu iko kwingine, na nikaona ni aibu kwa mtu aliyebatizwa akiwa na miezi miwili, akapata kipaimara, akamaliza chuo kikuu, kushindwa kumweleza rafiki yake kwa lugha ya mezani. Nikatumia wikiendi tatu kusoma kama ninavyosoma ninapotafuta habari: nani alisema, lini, kwa nani, na nani mwingine anathibitisha.

Tuanze na jina. Wengi wetu tumekua tukidhani "Kristo" ni jina la ukoo, kama vile Yesu wa mzee Kristo wa Nazareti. Siyo. Ni neno la Kigiriki lenye maana ileile ya Masihi ya Kiebrania, yaani mtu aliyepakwa mafuta. Katika Israeli ya kale waliopakwa mafuta walikuwa wafalme na makuhani, na Daudi alipakwa akiwa kijana mchunga kondoo hapo hapo Bethlehemu. Ukimwita mtu Masihi ulikuwa unamtaja mwenye madaraka. Kwa hiyo kusema "Yesu Kristo" ni kama kusema "Yesu, yule Rais tuliyeahidiwa". Ni kauli ya kisiasa, na mtu angeweza kufungwa kwayo.

Na waliahidiwa kweli. Nabii Mika, aliyeishi takribani miaka 700 kabla, alikitaja kijiji cha Bethlehemu kwa jina na kusema kwamba pamoja na udogo wake huko ndiko atakakotoka mtawala. Isaya wa zama hizo hizo alisema habari za mtoto atakayebeba ufalme mabegani. Halafu angalia kilichofuata. Samaria ikaangushwa na Waashuru mwaka 722 KK. Yerusalemu ikachomwa na Wababeli mwanzoni mwa karne ya sita KK, ufalme wa ukoo wa Daudi ukaishia hapo, na mfalme wa mwisho akatobolewa macho. Wakarudi kutoka uhamishoni, lakini chini ya Waajemi. Wakaja Wagiriki. Wakapata uhuru wao kidogo, kisha mwaka 63 KK jemadari Pompeius akaingia Yerusalemu na majeshi ya Roma. Watu hawa walikuwa wanasoma ahadi ya mfalme huku wanalipa kodi kwa Kaisari. Sisi tunaokasirika ahadi ya barabara ya lami ikichelewa kampeni mbili, sijui tungeweza.

Hapa niseme jambo ambalo mahubiri huwa yanaliruka. Yale maneno ya Isaya kuhusu msichana atakayechukua mimba na kumwita mwanawe Emanueli yalisemwa kwanza kwa Mfalme Ahazi, aliyekuwa anatetemeka kwa hofu ya majirani zake wawili waliokuwa wameungana kumpiga. Ilikuwa ishara kwa vita ile. Tena neno la Kiebrania lililotumika lina maana ya mwanamwali tu. Ni Wayahudi wenyewe walipotafsiri maandiko yao kwa Kigiriki, kabla Yesu hajazaliwa, ndipo likawekwa neno la "bikira", na Mathayo akalichukua hilo. Kuna Wakristo wanaoogopa ukiwaambia hivi, wanadhani umekuja kubomoa. Mimi halinitishi. Ahadi inaweza kuwa kubwa kuliko siku iliyotamkwa. Babu yangu alipanda mti wa mparachichi kwa ajili ya kivuli cha ng'ombe wake, wajukuu ndio tuliokula maparachichi.

Mambo ya tarehe sitakaa nayo sana. Hakuna Injili inayotaja tarehe 25 Disemba. Siku hiyo tunaikuta kwa mara ya kwanza katika kalenda moja ya Roma iliyokusanywa mwaka 354, na wataalamu bado wanabishana kama ilichaguliwa ili kuifunika sikukuu ya jua ya Warumi au ilipatikana kwa kuhesabu miezi tisa kutoka 25 Machi. Mtawa Dionysius aliyetupangia hesabu ya miaka katika karne ya sita alikosea kidogo, kwani kwa hesabu za wanahistoria wengi Herode alifariki mwaka wa 4 KK, na Mathayo anasema Yesu alizaliwa Herode akiwa hai. Halafu Luka anaitaja sensa ya Kirenio, ambayo mwanahistoria Yosefo anaiweka karibu miaka kumi baada ya kifo cha Herode. Wapo waliojaribu kuzipatanisha na wapo waliokubali kwamba hazipatani. Ningekuwa mhariri wa Luka ningempigia simu saa nne usiku nimuulize. Lakini sijawahi kuona habari ya kweli iliyoletwa na mashahidi wawili ikawa sawasawa mpaka nukta, na zikiwa sawasawa hivyo sisi waandishi ndipo tunapoanza kushuku kwamba wamekaa kikao.

Twende kwenye hori, maana hapo ndipo nilipokaa muda mrefu.

Tumezoea igizo la kila mwaka: Yosefu anagonga mlango wa hoteli, mwenye hoteli mkali anasema vyumba vimejaa, na wale wawili wanaishia bandani kwa ng'ombe wakiwa peke yao na baridi. Kumbe neno ambalo Luka ametumia pale, wanalotafsiri kama nyumba ya wageni, ndilo analolitumia baadaye kwa kile chumba cha nyumbani ambamo Yesu alikula karamu ya mwisho na wanafunzi wake. Anapotaka kutaja nyumba ya wageni ya kulipia, kama ile aliyopelekwa mtu aliyepigwa na wanyang'anyi katika habari ya Msamaria, anatumia neno jingine kabisa. Kwa hiyo wapo wasomi wanaosema kilichojaa ni chumba cha wageni katika nyumba ya watu, pengine ya ndugu, maana Yosefu alikuwa anarudi kwao. Na nyumba za wakulima wa nchi ile zilikuwa na chumba kimoja kikubwa, upande mmoja familia, upande mwingine, chini kidogo, wanyama wanaoingizwa usiku, na hori katikati.

Niliposoma hivyo nilicheka peke yangu, maana nyumba hiyo naijua. Bibi yangu wa Uchagani alikuwa na msonge wake nyuma ya nyumba ya bati, ulisimama mpaka nilipokuwa darasa la pili hivi. Ndani, upande huu kitanda, upande ule ng'ombe na mbuzi wawili, moto katikati, ndizi zinaivia juu darini. Ng'ombe wa Mchaga haendi malishoni, analetewa majani ndani pamoja na migomba iliyokatwakatwa. Usiku unamsikia anacheua. Pumzi yake ndiyo inayokupasha joto, na kule juu mlimani mwezi wa saba si mchezo. Baba yangu mwenyewe alizaliwa humo, hatua tatu kutoka kwenye pua ya ng'ombe, na hakuna aliyesema alizaliwa zizini. Alizaliwa nyumbani.

Basi kama wasomi hao wako sahihi, picha inageuka. Mtoto yule hakutupwa pembeni. Alizaliwa katikati ya msongamano, shangazi wanachemsha maji, watoto wa watu wanachungulia, mzee mmoja analalamika kelele, na kwa kuwa hakuna hata pa kuweka kitanda wakasema mwekeni horini, hapo patamfaa. Mfalme aliyesubiriwa miaka mamia, akafika siku ambayo nyumba imejaa wageni. Mimi naona hii ni kali kuliko ile ya hoteli. Mtu aliyefukuzwa angalau ametambuliwa.

Na walikuwa maskini. Hilo Luka analisema kwa ujanja. Siku arobaini baadaye wanampeleka mtoto hekaluni, na sadaka wanayotoa ni ile ya jozi ya ndege. Sheria katika Walawi ilitaka mwanakondoo, ndege walikuwa ni kwa ajili ya mama asiyekuwa na uwezo wa kununua kondoo. Msomaji Myahudi wa siku zile alielewa papo hapo, kama wewe unavyoelewa ukisikia fulani ameandikwa TASAF.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike haya yote.

Nina mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Mwaka 2018 alikuwa kidato cha tatu, ana miaka 17, anaimba sauti ya kwanza kwaya ya vijana. Akapata mimba. Shule ikamwondoa, kwani ndivyo utaratibu wa wakati huo ulivyokuwa. Mnakumbuka ile kauli ya Juni 2017 kwamba mwanafunzi akizaa harudi tena darasani, na marufuku ilikaa mpaka Serikali ilipoiondoa Novemba 2021. Hilo la shule liliuma, ila tulilitegemea. La kanisani ndilo lililonishangaza. Kwenye usharika mmoja ambao sitautaja, Jumapili moja, kabla ya matangazo ya harusi na michango ya bati, jina lake lilisomwa mbele ya watu. Ametengwa. Meza ya Bwana asiikaribie mpaka atakaporudi kundini. Mama yake mzazi, ambaye ameimba kwaya ya akina mama tangu mimi sijazaliwa, alikuwa amesimama mstari wa mbele na joho lake. Alivua joho siku ile akalikunja, na hajalivaa tena.

Kijana mwenyewe aliyehusika walimjua. Aliendelea kupiga kinanda.

Nilikuwepo siku hiyo, nilikuwa likizo kutoka chuo. Ilikuwa Jumapili ya pili ya Majilio, mishumaa miwili imewashwa madhabahuni. Na mahubiri, naapa sisemi uongo, yalihusu Bikira Maria.

Hebu isomeni upya sura ya kwanza ya Mathayo. Inaanza na ule ukoo mrefu ambao kila msomaji huuruka, fulani akamzaa fulani, vizazi kumi na vinne mara tatu, aya ambazo mhariri yeyote angezikata bila kufikiri. Kwa desturi ukoo ni wa wanaume. Lakini Mathayo ameingiza wanawake wanne kabla ya Maria, na hakuwachukua Sara wala Rebeka. Amemchukua Tamari, aliyejifunika ushungi kando ya barabara akazaa na baba mkwe wake. Rahabu, kahaba wa Yeriko. Ruthu, mgeni kutoka Moabu, taifa lililozuiwa kuingia kwenye kusanyiko la Israeli. Na wa nne hamtaji hata jina, anasema tu aliyekuwa mke wa Uria, ili usisahau Daudi alimfanyia nini Uria. Kila mmoja ana habari ambayo familia nyingine ingeificha. Mathayo ameipachika mlangoni. Huyu ndiye Masihi wenu, anasema, na hawa ndio bibi zake.

Kisha anakuja Yosefu. Mchumba wake ana mimba na yeye anajua si yake. Sheria ya Kumbukumbu la Torati kwa binti aliyeposwa ilikuwa na mawe ndani yake, na hata kama siku zile mawe hayakuwa yanarushwa ovyo, aibu ilikuwepo. Mathayo anasema Yosefu alikuwa mtu wa haki na hakutaka kumwaibisha, akakusudia kumwacha kimya kimya. Angalia mpangilio. Malaika bado hajaja! Ndoto bado haijaota. Mpaka hapo Yosefu anachojua ni kwamba ametendwa. Na ni kwa wakati huo huo, akiwa na ushahidi wote mkononi, anaitwa mwenye haki, na haki yake ni kwamba amekataa kusoma jina la binti wa watu mbele ya kijiji. Nimewauliza wachungaji wawili kama naisoma vibaya. Mmoja alisema nidhamu ya kanisa ni jambo jingine. Wa pili alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza huyo mdogo wangu yuko wapi siku hizi.

Yuko Dar. Alikuja kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, sasa anashona na ana cherehani zake mbili. Mtoto wake wa kike ameshaanza shule na anaongea kuliko redio.

Mimba ya Maria ilikuwa ya namna nyingine, najua, msinitumie ujumbe wa hasira. Maria si mdogo wangu. Lakini watu wa Nazareti hawakuona malaika. Walichokiona wao ni binti ambaye tumbo limekua kabla ya harusi, na wakahesabu miezi kwa vidole kama wanavyohesabu kila mahali. Mungu, kama tunaamini alikuwa ndiye anayefanya jambo hili, alikuwa na njia nyingi za kuja. Angeweza kusubiri harusi ifungwe. Akachagua kuingia duniani kwa njia itakayomfanya mama yake asemwe. Hilo si jambo la pembeni katika imani yetu, au basi mimi sijaielewa imani hii.

Nikarudi kwa Shehe. Safari hii nililipia mimi wali.

Nikamwambia hivi: wewe unasherehekea kwamba Mungu amesema, na mimi pia nasherehekea hivyo, lakini sisi tunadai zaidi. Tunadai kwamba aliyesema alikuja mwenyewe. Injili ya Yohana haina hori wala wachungaji. Inasema Neno lililokuwako tangu mwanzo lilifanyika mwili, na kitenzi cha Kigiriki alichotumia kwa kukaa kwake kati ya watu ni kile cha kupiga hema. Alikuja akapiga hema kwenye kiwanja chetu, akatumia kisima chetu. Hiyo ndiyo maana ya Emanueli, na hizo ndizo kelele zetu.

Shehe akaweka kijiko chini. "Mchungaji, hapo ndipo mnaponiacha. Mungu anyonyeshwe? Abadilishwe nepi?"

Nikamwambia hauko peke yako, swali lako limesumbua hata maaskofu. Mwaka 325 walikutana Nikea kubishana na wafuasi wa Ario, waliosema Mwana ni kiumbe mkubwa sana lakini ni kiumbe, wakaamua kwamba ni Mungu sawa na Baba. Miaka mia moja baadaye Nestorio, Askofu wa Konstantinopoli, akasita kumwita Maria mama wa Mungu, na inasimuliwa kwamba alisema hawezi kumwita Mungu mtoto wa miezi miwili mitatu. Mtaguso wa Efeso mwaka 431 ukamvua uaskofu. Kisha Kalkedonia mwaka 451 wakaandika kwamba huyu mmoja ni Mungu kweli na mtu kweli, bila hizo mbili kuchanganyika wala kutengana. Mimi nadhani Nestorio alikuwa mtu makini kuliko wengi wetu tunaoimba nyimbo za Krismasi bila kustuka. Yeye angalau alistuka. Ukiangalia kichanga kinacholia na kujikojolea, halafu ukaambiwa ndiye aliyeziumba nyota, halafu usione taabu yoyote, basi hukusikia ulichoambiwa.

"Kwa hiyo na wewe unaona taabu?" akauliza.

"Naona. Lakini naamini."

"Haya," akasema, "mimi naona taabu na siamini. Lete chumvi." Tukaendelea kula. Huyo ndiye rafiki yangu, na Idi zote nala kwake.

Kuna jambo moja ambalo sikumwambia Shehe siku ile kwa sababu muda wa mapumziko uliisha. Habari ya Mathayo haiishii kwenye zawadi za mamajusi (ambao hakuna aliposema walikuwa watatu, hilo tumelitoa kwenye idadi ya zawadi). Inaishia kwa askari. Herode anasikia kuna mfalme amezaliwa, anatuma watu kuua watoto wa kiume wa Bethlehemu wa miaka miwili kurudi chini, na familia ile inatoroka usiku kwenda Misri. Nje ya Mathayo hakuna mwandishi wa zama zile anayeitaja mauaji hayo. Yosefo, ambaye anamwandika Herode kwa kurasa nyingi, hayataji. Lakini huyo huyo Yosefo anaeleza jinsi Herode alivyomuua mke wake Mariamne na watoto wake watatu wa kuwazaa mwenyewe kwa kuogopa kupinduliwa, na kijiji kidogo kama Bethlehemu kisingekuwa na watoto wengi wa umri huo. Tunajua sisi waandishi ni vifo vingapi vya kijijini huwa havifiki chumba cha habari.

Kwa hiyo Masihi wa Wakristo aliwahi kuwa mkimbizi kabla ya kujua kuongea. Nilikwenda Kigoma mara moja kwa kazi, kambi ya Nyarugusu, ambayo imekuwepo tangu mwaka 1996, na kuna vijana wa Kikongo humo waliozaliwa kambini na sasa wana watoto wao kambini. Jumapili kambi yote ni mapambio. Mama mmoja aliniambia kwa Kiswahili chao cha Kivu kwamba kati ya habari zote za Biblia anaipenda ya Yosefu kuamshwa usiku, kwa sababu mume wake naye aliamshwa usiku na jirani, "akatubeba tukatoka." Hakusema zaidi na mimi sikuandika zaidi.

Na Bethlehemu yenyewe ipo, si ya kwenye kadi tu. Ni mji wa Wapalestina, kilometa kama kumi kutoka Yerusalemu. Kanisa la Kuzaliwa lililojengwa kwanza enzi za Konstantino na kujengwa upya chini ya Justiniano katika karne ya sita bado limesimama, na mlango wake ni mdogo hivi kwamba mtu mzima lazima ainame. Mwaka 2002 lilizingirwa na jeshi la Israeli siku 39, watu wakiwa wamejifungia ndani. Disemba 2023, vita ya Gaza ikiwa imepamba moto, viongozi wa makanisa kule wakafuta shamrashamra zote. Hakukuwa na mti wa Krismasi uwanjani. Kwenye kanisa moja la Kilutheri mjini humo wakatengeneza pango la Krismasi kwa vifusi vya zege, wakamlaza mtoto juu yake amefungwa kitambaa cha Kipalestina. Nilipoiona picha ile ofisini, mezani kwangu kulikuwa na stori ya bei ya mbuzi ambayo nilikuwa sijaimalizia.

Nimekata tiketi ya tarehe 23, nauli imepanda kama kawaida, mtaisoma. Nitakuwa na mdogo wangu na binti yake, ambaye ameshatangaza kwamba kwenye igizo anataka kuwa kondoo na si malaika, kwa sababu malaika wanasimama tu. Mama mdogo anasema atakuja kanisani lakini atakaa nyuma. Vijana wa usharika wa kwetu waliniomba niwaandikie maneno ya igizo, wakijua kazi yangu ni kalamu. Nimewatumia wiki iliyopita. Sikuweka mwenye hoteli. Nimeweka nyumba iliyojaa ndugu, ng'ombe mmoja, na kabla ya yote msomaji anayesimama mbele na kuusoma ule ukoo wa Mathayo mzima, kwa sauti, pamoja na wale bibi wanne. Mwenyekiti wa vijana amenijibu kwamba ameipenda, ila sehemu ya ukoo ameipeleka kwanza kwa wazee wa kanisa waione.

Wazee bado hawajajibu.